Mji Uliolelewa na Kizuizi

Mji wa Isiolo umekaa mahali ambapo miteremko ya Mlima Kenya inakoma ghafula na nchi tambarare ya kaskazini inaanza, nchi ya migunga, mawe na upepo, inayokwenda hadi Marsabit na Moyale na kuingia Uhabeshi. Na kwa sababu hiyo msafiri atokaye Nairobi, ambaye kwa karibu kilomita mia tatu amepita katikati ya kahawa, mahindi na ngano, huuona kuwa ndio mwisho wa nchi aliyoizoea, ilhali atokaye Moyale huuona kuwa ndio mwanzo wa nchi ya wengine. Mimi nimeishi hapo mpakani sehemu kubwa ya umri wangu, kwanza nikiwa karani wa tajiri mmoja aliyekuwa na malori ya kubebea mifugo, kisha nikifanya tijara ndogo ya mbuzi kwa mtaji wangu mwenyewe. Na jambo ambalo kazi hiyo ilinifundisha, nami naona viongozi wetu na hata wasomi wetu hawajalitilia maanani kwa kadiri inavyostahili, ni kwamba riziki ya miji haipangwi na barabara peke yake, bali hupangwa zaidi na mahali ambapo watu na vyombo husimama, na muda wanaosimama, na nani anayelipa gharama ya kusimama kwao.

Watu wengi hudhani kwamba msongamano ni maradhi ya miji mikubwa, ya Nairobi na Mombasa na Dar es Salaam, na kwamba mji mdogo wa pembezoni hauna haja ya kuufikiria. Lakini Isiolo wenyewe ulizaliwa na msongamano, na tena msongamano uliotengenezwa kwa amri. Serikali ya kikoloni, ikihofia kwamba ng'ombe wa kaskazini wangewapelekea ng'ombe wa walowezi wa Laikipia na Timau maradhi ya sotoka na homa ya mapafu, iliweka hapa karantini, na kila mfanyabiashara aliyetaka kuteremsha mifugo wake kwenye masoko ya kusini alilazimika kuwazuia katika malisho ya serikali, wakakaguliwa na kudungwa sindano, mpaka daktari wa mifugo aridhike. Binadamu nao walizuiwa: wilaya za kaskazini zilifungwa kwa sheria, na aliyetaka kuingia au kutoka alitakiwa awe na ruhusa ya maandishi mkononi. Wasomali waliopigana chini ya bendera ya Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza walipewa makao hapa. Waborana walikuwa na mifugo yao kandokando ya mto Ewaso Ng'iro. Wameru waliteremka na nafaka na mboga kutoka milimani. Waturkana na Wasamburu wakaja kwa kazi na kwa malisho. Watu hawa wote walikutana kwa sababu safari ilikatizwa. Anayesubiri hana budi kula, kulala, kukopa, kuswali na kupata habari, na kila mojawapo ya haja hizo ilifungua duka, hoteli, nyumba ya wageni au msikiti.

Simwambii msomaji haya ili niisifu karantini wala ruhusa zile. Ilikuwa dhuluma, na baada ya uhuru ikarithiwa na dhuluma nyingine, vita vya shifta, yaani vya waliotaka kaskazini ijitenge, na hali ya hatari ambayo kaskazini haikuondolewa hadi mwaka 1991, hivi kwamba mtu wa rika langu alikua akijua kwamba kuwa raia mbele ya kizuizi cha Isiolo ni jambo la kuthibitishwa upya kila safari. Lakini ni wajibu wetu kukiri kwamba dhuluma ile iliweka fedha mahali fulani, na mahali penyewe palikuwa hapa.

Katika miaka niliyoshika daftari la tajiri wangu, lami ya Nairobi ilikoma mjini, na upande wa kaskazini wa mji kulikuwa na kizuizi cha polisi. Malori yaliyokuwa yakielekea Marsabit na Moyale hayakuruhusiwa kwenda peke yake kwa hofu ya majambazi. Yalingoja yakakusanyika, yakapewa askari wenye bunduki, ndipo yakaondoka msafara mmoja. Aliyefika Isiolo baada ya msafara kuondoka alilala Isiolo. Na aliyetoka Moyale, baada ya siku mbili au tatu za vumbi na mawe, abiria wakiwa wameketi juu ya vyuma vya lori na ng'ombe wamesimama chini yao, alifika na tairi zilizochanika, springi zilizovunjika na njaa ya siku nyingi. Mafundi wa magurudumu, wauza chai, wenye vyumba vya kulala, wanunuzi wa ngozi, madalali, wote waliishi kwa uchovu wa barabara ile. Tajiri wangu, mzee wa maneno machache ambaye hakusoma hata darasa moja la shule ya serikali lakini alijua hesabu kuliko waliosoma, aliniambia siku moja nilipokuwa nikilalamika juu ya gharama za usiku mmoja wa malori yake: "Mwanangu, lori likilala Isiolo, mji mzima umekula." Nililiandika neno hilo pembeni mwa daftari, na nimeishi kuliona likitimia kinyume chake.

Kwani lami ilivuka. Kwanza ilifika mto Merille, kilomita 136 kutoka mjini, kisha ikaendelea kwa vipande hadi, kufikia mwaka 2017, barabara yote ya takriban kilomita 500 kati ya Isiolo na Moyale ikawa imekamilika; na safari ambayo zamani iliwala watu siku kadhaa ikawa yaweza kukamilishwa kati ya alfajiri na jioni. Mwezi wa Disemba 2020 kituo cha pamoja cha forodha kikafunguliwa Moyale, Kenya na Uhabeshi zikikagua mizigo mahali pamoja. Kwa mfugaji wa Laisamis na kwa mgonjwa wa Marsabit, hii ilikuwa neema ambayo hakuna mwenye insafu atakayeipinga, nami ni miongoni mwa walioifurahia kwa machozi. Hata hivyo mabasi ya Moyale sasa husimama Isiolo kwa muda wa chai, na mengine hayasimami kabisa. Nyumba za wageni zilizojaa madereva zilipungukiwa. Baadhi ya mafundi niliowajua walihamishia vyombo vyao Marsabit, wengine wakageukia pikipiki za bodaboda. Mji haukufa: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 143,294 katika kaunti yote ya Isiolo, na ile ya 2019 ikahesabu 268,002. Ila waliokuja walifuata mambo mengine, hususan serikali ya kaunti iliyoanza mwaka 2013 na mishahara, zabuni na ofisi zake. Biashara ya kumpokea aliyezuiwa ilikuwa imekwisha.

Sasa swali nililojiuliza kwa miaka mingi ni hili: kule kusimama kulikwenda wapi? Maana safari haikuacha kuwa na mahali pa kukwama. Ilibadilisha mahali tu. Jibu nililipata kutoka kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye sote tulimwita Eddo, aliyekuwa akikusanya maziwa ya ngamia kutoka upande wa Kulamawe na kuyapeleka Eastleigh, Nairobi. Biashara hii ya maziwa ni ya wanawake wa Isiolo kwa haki kabisa. Wao ndio walioiasisi, wakaijengea vyama, na ushirika wa Anolei umejulikana kwayo mbali. Maziwa hukamuliwa malishoni kabla ya jua kali, huletwa mjini kwa pikipiki na kwa magari ya abiria, hupozwa pale penye majokofu, kisha hupakiwa katika madumu na kutiwa ndani ya basi la Nairobi. Nilimkuta Eddo stendi akiwa amenyongea, nikamwamkia, nikamwuliza kulikoni, naye akanijibu: "Mwanangu, kutoka hapa hadi Thika maziwa yangu yanasafiri. Kutoka Thika hadi Eastleigh yanasubiri. Na maziwa hayajui kusubiri."

Tafakari maneno hayo, msomaji. Masafa kati ya Thika na Eastleigh si sehemu kubwa ya safari nzima. Kwa hesabu ya kilomita ni kama sehemu moja ya sita au ya saba. Lakini siku ambayo magari yamefungana katika Thika Road kuanzia Ruiru hadi Pangani, kisha yakafungana tena katika barabara za ndani za Eastleigh ambako mkokoteni, lori la vitambaa, matatu na mtu aliyebeba mzigo kichwani wote wanadai upana uleule, kipande hicho hula muda uliotosha kuvuka kaunti nzima ya Meru, na kikitokea wakati wa joto, maziwa yaliyotoka Isiolo yakiwa mabichi hufika yakiwa yamechachuka. Maziwa yaliyochachuka yana wanywaji wake na heshima yake katika meza za Wasomali, lakini bei yake si ile aliyoitumainia aliyeyapeleka mabichi. Na sasa angalia ni nani anayebeba hasara. Mwenye basi amekwisha kupokea nauli ya mzigo. Mfugaji amekwisha kulipwa, au anadai na atalipwa. Mwuzaji wa Eastleigh hushusha bei kwa kadiri ya uchachu. Abaki Eddo, mwenye mtaji mdogo kuliko wote, akilipa peke yake ushuru ambao hakuna bunge lililoupitisha.

Ndiyo maana nauita msongamano ushuru, lakini ushuru wenye sifa mbaya kuliko kodi nyingine zote, kwa sababu kinachochukuliwa hakimfikii yeyote. Singapore, tangu mwaka 1975, ilianza kuwatoza fedha wenye magari walioingia katikati ya mji saa za asubuhi; London ilifuata mwaka 2003; na lolote utakalosema juu ya ukali wa tozo hizo, fedha zile huingia katika hazina ya umma na zaweza kununua mabasi. Saa ya Eddo iliyopotea pale Roysambu, kati ya Ruiru na Pangani, haikununua chochote.

Mbuzi wangu nao walinifundisha upande mwingine wa jambo hilihili. Sehemu kubwa ya mbuzi watokao Isiolo, Marsabit na Moyale huchinjwa Kiamaiko, katika mtaa wa Huruma, mashariki ya Nairobi, ambako Waborana wa kwetu wameshika machinjio na madalali kwa miaka mingi. Wachinjaji wa Kiamaiko hufanya kazi alfajiri, na wenye mabucha hununua mapema ili nyama iwe imening'inia kabla ya wateja kuamka. Kwa hiyo lori la Isiolo halina budi kuondoka jioni, kusafiri usiku, na kuingia Nairobi kabla ya jeshi la wafanyakazi kuziba barabara. Likipasuka tairi Sagana, dereva haogopi giza wala baridi. Anaiogopa saa kumi na mbili ya asubuhi. Akiikosa saa ile, huingia katika mlolongo pamoja na maelfu ya watu waendao ofisini, mbuzi wakisimama kwenye jua, wakipungua uzito, wengine wakikanyagana, na anapofika Kiamaiko wanunuzi wazuri wamekwisha kuondoka.

Kwa kuwa lori huondoka jioni, mnada wa Isiolo hauna budi kumalizika alasiri. Na kwa kuwa mnada wa Isiolo humalizika alasiri, mfugaji wa Oldonyiro au Merti hana budi kuwatoa mbuzi wake mapema, mara nyingine tangu jana yake, na akichelewa hujikuta mbele ya dalali anayejua kwamba lori linapasha injini moto na kwamba mwenye mbuzi hawezi kurudi nao. Hivi ndivyo mzee aliyeketi chini ya mgunga, ambaye pengine hajapata kuiona Nairobi maishani mwake, anavyopangiwa siku yake na kupunguziwa bei yake na foleni ya magari ya Thika Road. Nimesimama katika minada hiyo nikiwa upande wa mnunuzi, nami nashuhudia kwamba bei ya mwisho wa alasiri si bei ya adhuhuri.

Mtu atauliza: ikiwa msongamano una madhara kiasi hiki, mbona wafanyabiashara hawaukimbii? Mbona Eddo hakuuza maziwa yake Nanyuki au Meru, ambako barabara ni nyeupe? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo ambapo mazungumzo yetu ya kila siku hupotoka, kwa kuwa tunaona zahama tu, hatuioni faida iliyoizaa. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba mji unapozidi watu huzidi kazi, na kazi zikizidi hugawanyika na kusaidiana, hata wakazi wa mji mkubwa wakapata pato lisilopatikana katika mji mdogo, ingawa mambo mengi kwao ni ghali zaidi. Eastleigh ni ushahidi wa maneno hayo mbele ya macho yetu. Baada ya dola ya Somalia kuporomoka mwaka 1991, wakimbizi waliopanga vyumba katika nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge walianza kuuza bidhaa juu ya vitanda vyao, na kutoka humo pakazuka majengo ya biashara yanayowavuta wanunuzi kutoka nchi jirani. Kwa miaka mingi barabara za mtaa huo zilikuwa matope hadi kifundoni, na watu hawakuacha kwenda, kwa sababu aliyevuka matope alikuta mahali pamoja vitambaa vya aina zote, bei za kushindana, mwenye kubadilisha fedha, mwenye kusafirisha mzigo, na jamaa wa kumdhamini. Wanywaji wa maziwa ya ngamia wako huko kwa wingi, nao ndio walioyapa thamani. Eddo hulipa kwa saa ili aufikie umati.

Kiamaiko ni vivyo hivyo. Nilipoanza tijara nilistaajabu kwa nini tusichinje Isiolo tukapeleka nyama, kwani karibu nusu ya uzito wa mbuzi aliye hai si nyama, na Alfred Weber, Mjerumani aliyeandika mwaka 1909 juu ya mahali panapofaa kuwekwa viwanda, alikwisha kuonyesha kwamba kazi inayopunguza uzito wa mali ghafi yafaa ifanyiwe karibu na inakotoka mali hiyo. Kwa hesabu ya Weber, machinjio yangekuwa hapa tangu zamani. Lakini mbuzi ana kichwa, miguu, matumbo, damu na ngozi, na katika mitaa ya Huruma na Mathare kila kimojawapo kina mnunuzi wake anayengoja mlangoni: kuna anayechemsha supu ya vichwa, kuna anayekaanga matumbo, kuna mwenye kukusanya ngozi. Hapa Isiolo vitu hivyo huuzwa kwa bei hafifu au hutupwa. Fauka ya hayo, nyama iliyochinjwa huku yahitaji gari la baridi na umeme usiokatika, ilhali mbuzi aliye hai hujihifadhi mwenyewe. Umati, basi, ndio unaomfanya mbuzi mzima awe na thamani, na ndio huohuo unaomchelewesha njiani.

Tangu nilipolielewa hili sikuzishangaa tena habari za barabara kupanuliwa kisha zikajaa. Thika Road ilifunguliwa upya na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ikiwa na urefu wa takriban kilomita 50 na mahali fulani njia nane, na kwa muda mfupi lori letu lilipita pale kwa raha ambayo hatukuwahi kuiona. Lakini raha ile iliwaambia watu kwamba sasa waweza kukaa Ruiru au Juja na kufanya kazi Nairobi, wakajenga, wakapanga, wakanunua magari. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019 watu wa Nairobi waliongezeka kutoka 3,138,369 hadi 4,397,073, ambayo ni kama asilimia arobaini. Wale wa Kiambu, jirani yake, wakaongezeka kutoka 1,623,282 hadi 2,417,735, yaani karibu asilimia arobaini na tisa. Barabara haikuufukuza msongamano. Iliunyoosha hadi kwenye mashamba ya kahawa. Na mwaka 2020 ulianza ujenzi wa barabara pana ya kilomita 84 kutoka Kenol hadi Marua, katika njia yetu ya Nairobi, nami naiombea heri. Ila najua kwamba lori litakalopita hapo upesi litawahi kufika katika mlolongo uleule wa mlangoni mwa Nairobi, isipokuwa kilichobebwa kiwe kimebadilika au saa ya kuingia iwe imebadilika.

Bandari nayo imetufikia sisi wa bara kwa njia hiyohiyo. Mombasa ilipokuwa ikielemewa na makontena, na malori yakijipanga katika njia ya kaskazini hadi Malaba, mpakani mwa Uganda, serikali ilitafuta pa kupumulia: reli mpya ya Nairobi mwaka 2017, bohari ya nchi kavu ya Naivasha, na mradi ule mkubwa wa bandari na njia za uchukuzi, LAPSSET, uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 mbele ya Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Uhabeshi, ambao katika ramani yake Isiolo umechorwa kuwa makutano ya barabara, reli na bomba la mafuta, pamoja na mji wa watalii. Gati la kwanza la Lamu lilianza kazi mwaka 2021. Kwa ufupi, ilhamu yote ya ukuu wa Isiolo ilitokana na dhiki ya Mombasa: kilichowashinda kule kilitarajiwa kije huku.

Lakini angalia kilichotangulia kufika. Ilifika biashara ya viwanja. Wageni wenye fedha walikuja na ramani. Malisho yaliyokuwa ya wote yakapimwa kwa kamba. Vipande vya ardhi vikauzwa mara mbili na mara tatu kwa watu mbalimbali. Kesi zikajaa, na hata mpaka wetu na Meru ukazidi kugombaniwa. Uwanja wa ndege uliotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2017 una njia ya kurukia ya kilomita 1.4 na jengo zuri la abiria, na ulitarajiwa ubebe miraa na nyama. Magari ya miraa hata leo yanateremka kwa kasi ya kutisha kuelekea Nairobi, kwa kuwa ndege ziko kule ambako mizigo mingine iko. Machinjio makubwa yaliyokusudiwa kuuza nyama nchi za nje yalikuwa ya kuanza na kukwama kwa miaka. Haya hayanikatishi tamaa, lakini yananithibitishia kwamba shughuli haihami kwa sababu ya kujengewa nyumba. Huhama pale gharama ya kubaki inapozidi faida ya umati, na inapokuta huko iendako japo sehemu ya umati ule.

Kwa hiyo sioni kwamba Isiolo ungoje reli, wala sioni kwamba uombee kizuizi kirudi. Unaloweza kufanya sasa, kwa mali uliyo nayo, ni kupunguza kile kinachosubiri Nairobi. Maziwa yaliyopozwa barabara kabla ya kupakiwa, na yakasafirishwa ndani ya chombo cha baridi, yanaweza kustahimili Roysambu. Basi vituo vya kupozea vya wanawake vihesabiwe kuwa ni kazi ya umma, sawasawa na daraja, visiachiwe wafadhili waje na kuondoka. Mnada ukianza asubuhi na mapema, penye maji na kivuli cha kuwalaza mbuzi wasiouzwa, mfugaji wa Merti atakuwa na uwezo wa kumkatalia dalali wa mwisho wa alasiri, kwa sababu atakuwa na kesho. Na machinjio yaanze madogo, kwa nyama ya kulisha Isiolo, Nanyuki na Meru, pamoja na wapishi wa supu na watengenezaji wa ngozi wakipewa nafasi ukutani mwake, mpaka kichwa na kwato vipate wanunuzi hapa. Hapo ndipo hesabu ya Weber itakapoanza kutimia.

Yote hayo yanahitaji ardhi iliyo karibu na barabara, na ardhi hiyo inakwisha. Nimeuona uwanja ambako malori yalikuwa yakilala ukikatwa vipande vya maduka, na malori machache yanayosimama sasa yakijibanza kandokando ya njia kuu, yakiwaziba watu wa bodaboda na akina mama wa mboga, hivi kwamba mji ulioishi kwa kusimama kwa wageni unaelekea kukosa mahali pa kumsimamisha mgeni. Msongamano mdogo wa Isiolo tunaweza kuuzuia ungali mdogo. Ule wa Nairobi hauko mikononi mwetu.

Katiba ya mwaka 2010 imekupa wewe, mwenyeji wa Bulapesa, wa Wabera, wa Kambi Garba na wa Kulamawe, haki ya kuulizwa kabla mpango wa ardhi haujapitishwa. Utakapoitwa katika kikao hicho, nenda. Na ukifika, uliza ni ekari ngapi zimetengwa kwa mnada, ngapi kwa machinjio, ngapi kwa maegesho ya malori, na nyumba ya kupozea maziwa itakuwa wapi, wala usiondoke mpaka umejibiwa na jibu limeandikwa.